Michirizi kwenye mahindi: ni chawajani, au ni kitu kingine?

Mkulima anaona majani ya mahindi yamejaa mistari myeupe. Anainama, vidudu vidogo vya kijani vinaruka mbele ya macho yake, na siku hiyohiyo anakwenda duka la pembejeo kununua sumu. Mara nyingi vidudu alivyoviona havikuhusika. Vile vya kijani vimetoka kwenye maharage yaliyopandwa katikati ya mahindi. Mdudu aliyeleta ugonjwa alitua, akafyonza kwa dakika chache, na alishaondoka siku kadhaa kabla mstari wa kwanza haujaonekana. Ndiyo maana hapa tunaanza na jani, kisha tunaangalia jinsi mimea inayoumwa ilivyotawanyika shambani, na mdudu tunamtafuta mwisho.

Chawajani, ambao wengine huwaita jasidi au panzi wadogo wa majani, ni wadudu wa familia ya Cicadellidae, ndugu wa nyenje. Wanaoeneza virusi vya michirizi ya mahindi ni wa jenasi Cicadulina, na anayejulikana kuliko wote ni Cicadulina mbila. Jina hilo limetokana na neno la Kizulu la mahindi, kwa sababu ugonjwa huu uliandikwa kwanza kutoka Natal, Afrika Kusini, mwaka 1901, na ni hukohuko mtafiti H. H. Storey alikothibitisha katika miaka ya 1920 kwamba mdudu huyu ndiye msambazaji. Baadaye Storey alihamia kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, na kazi aliyoifanya pale inaeleza jambo linalowasumbua wakulima hadi leo. Tutalifikia.

Vifaa

Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 inatosha kwa jani. Kwa mdudu tafuta ya mara 20. Chukua mifuko myeupe ya nailoni inayoonyesha ndani, chupa ndogo zenye kifuniko kinachobana, spiriti ya asilimia 70, penseli na vipande vya karatasi. Kalamu ya wino haifai, maana spiriti huyeyusha maandishi na baada ya wiki moja hutajua kielelezo kilitoka shamba lipi. Nenda asubuhi kabla jua halijakolea. Chawajani aliyepoa ni mzito kuruka. Saa sita mchana utamwona mara moja tu, akiondoka.

Dalili: vidoa na mistari iliyokatikakatika kwenye majani machanga

Shika jani changa kabisa lililofunguka na ulielekeze kwenye mwanga. Michirizi ya virusi huanza kama vidoa vya mviringo vilivyopauka, vya kipenyo cha nusu milimita hadi milimita 2, vingi vikiwa karibu na sehemu ya chini ya jani. Katika majani yanayofuata vidoa hivyo hurefuka kufuata mishipa na kuwa mistari myembamba, myeupe au ya njano iliyofifia, iliyokatikakatika kama mshono wa sindano. Hutawanyika karibu sawa kwenye upana wote wa jani. Mbegu isiyostahimili ikishikwa mapema, mistari huungana hadi jani zima linakuwa la njano, mmea hudumaa na gunzi halijazi au halitoki kabisa.

Sasa teremsha macho kwenye majani ya chini ya mmea huohuo. Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vingine vyote: majani yaliyokuwa yamefunguka kabla mdudu hajaja hubaki safi. Virusi huonekana kwenye majani yanayotoka baada ya maambukizi tu. Kwa hiyo mmea wenye michirizi halisi una mpaka: chini kijani kitupu, juu michirizi, na jani moja katikati ambalo mara nyingine lina vidoa sehemu ya chini na ncha safi.

Mpaka huo hukupa pia tarehe. Katika joto dalili hutokea siku 3 hadi 7 baada ya mdudu kufyonza, na kwenye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Ukikuta jani la tano ni safi na la sita lina mistari, mdudu alikuja pale jani la sita lilipokuwa bado limejikunja ndani ya moyo wa mmea. Mmea ulioshikwa katika wiki tatu za kwanza baada ya kuota ndio unaopata hasara kubwa, na unaweza usitoe kitu. Ulioshikwa ukiwa karibu kutoa mbelewele hupungua kidogo tu.

Usipouona mpaka huo, soma sehemu inayofuata kabla hujamlaumu chawajani.

Dalili: mistari ipo, lakini haikatiki, au ipo kwenye majani ya chini

Hapa makosa ni mengi, na mengi hulipiwa kwa sumu isiyohitajika.

Upungufu wa zinki ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu nao hutokea mapema, mimea ikiwa na wiki mbili tu. Tazama umbo lake: badala ya nyuzi nyembamba utaona mkanda mpana uliopauka, mmoja kila upande wa mshipa wa kati, ukianzia chini ya jani. Mshipa wa kati na kingo za jani hubaki kijani. Upungufu wa chuma hutoa mistari iliyonyooka isiyokatika, kutoka mwanzo hadi ncha ya jani changa, na hutokea hasa kwenye udongo wenye chokaa nyingi. Upungufu wa magnesi huanzia kwenye majani ya zamani, chini, yaani kinyume kabisa cha virusi, na kingo zake zinaweza kuwa nyekundu.

Kama jani peke yake halikupi jibu, simama pembeni mwa shamba. Udongo huugua kwa eneo: utaona bonge la mimea iliyopauka pamoja, labda kwenye mteremko au pale palipochongwa udongo wa juu. Virusi hushika mmea mmoja mmoja. Mmea wenye michirizi mikali husimama bega kwa bega na mwenzake wa shimo lilelile aliye kijani kibichi. Upungufu wa rutuba hauwezi kubagua mimea miwili inayogawana shimo moja. Kama wagonjwa ni wengi zaidi upande mmoja, hasa upande unaopakana na nyasi au shamba la zamani la nafaka, una sababu ya pili ya kumshuku mdudu.

Mmea mmoja katika shamba zima wenye mistari mipana, myeupe kama maziwa, tangu jani la kwanza hadi la mwisho, kwa kawaida ni kasoro ya urithi. Uache.

Asubuhi yenye umande geuza upande wa chini wa jani lenye mistari. Ukikuta utando mweupe kama unga, huo ni ubwiri unyoya, ugonjwa wa ukungu. Michirizi ya virusi haina utando wowote.

Kuna pia MLN, ugonjwa hatari wa mahindi ulioonekana Bomet, Kenya, mwaka 2011 na kusambaa katika ukanda wetu. Nao huanza na madoa na mistari iliyopauka kwenye majani machanga, lakini hauishii hapo: kingo za majani hukauka kuingia ndani, moyo wa mmea unaweza kufa, na gunzi huiva kabla ya wakati likiwa na punje zilizosinyaa. Unasababishwa na virusi viwili kwa pamoja, na chawajani hahusiki. Vithiripi, vidukari, mbawakawa na mbegu zenye maambukizi ndio njia zake. Ukiona jani linakauka kutoka kingoni huku mmea bado mchanga, usiite michirizi; mwite afisa ugani.

Dalili: vidoa vyeupe vingi, lakini havifuati mishipa na vipo hata kwenye majani ya zamani

Tumia lenzi. Kama kila kidoa ni mkusanyiko wa chembe tupu, kama sehemu iliyonyonywa rangi ikabaki ngozi, huo ni ulaji wenyewe wa mdudu, bila virusi. Kuna kundi la chawajani, Typhlocybinae, ambao hunyonya chembe za jani moja moja badala ya kufyonza utomvu kwenye mishipa, na huacha alama hizo.  Alama kama hizi hazihami. Jani lililonyonywa linabaki hivyo, na jani jipya linatoka safi kama mdudu hayupo. Virusi hufanya kinyume: jani jipya ambalo hakuna mdudu aliyeligusa linatoka likiwa tayari na michirizi.

Utitiri nao huacha vidoa, lakini tafuta utando mwembamba kama wa buibui upande wa chini. Vithiripi huacha mng'ao wa fedha na vinyesi vyeusi kama nukta. Kiwavijeshi vamizi akiwa mdogo hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha madirisha yanayopitisha mwanga. Pitisha kidole, utahisi shimo jembamba, na kwenye moyo wa mmea utakuta vinyesi vyake.

Sasa mdudu: huyu niliyemshika ni nani?

Mahindi machanga usiyapige wavu, utayavunja. Ingiza mfuko mweupe taratibu juu ya mche, ukiwa umesimama ili kivuli chako kisiuguse, kisha funga chini na utikise. Wavu unafaa kwa nyasi za pembeni: piga mara 25 kwa mwendo mmoja, halafu mwaga yote mfukoni. Weka mfuko kwenye friji kwa dakika 10, au ndani ya boksi lenye barafu, na wadudu watatulia bila kufa.

Kwanza hakikisha ni chawajani. Mwili wake una umbo la kabari, mabawa yamekunjwa kama paa la nyumba, na akishtuka hutembea kiupandeupande kama kaa kabla ya kuruka. Mguu wa nyuma una safu za miiba kwenye kipande chake kirefu. Safu hizo zinaonekana kwa lenzi ya mara 20, na zisipokuwepo mtoe kwenye orodha. Inzi weupe ana unga mweupe mwilini na hupeperuka badala ya kuruka kwa miguu. Kidukari anatembea polepole na ana vijibomba viwili nyuma ya tumbo.

Anayechanganywa zaidi ni Peregrinus maidis. Huyu naye anakaa kwenye mahindi, anaruka, na anaeneza virusi, lakini ni wa familia nyingine na virusi vyake ni vingine. Utamkuta katika makundi ndani ya moyo wa mmea na pale jani linapokumbatia bua, mara nyingi pamoja na sisimizi wanaofuata maji yake matamu. Badala ya safu za miiba, mguu wake wa nyuma una kipande kimoja kikubwa kama kisu kwenye kifundo, na kinachezacheza ukikigusa kwa sindano. Ugonjwa anaoleta hutoa mistari isiyokatika au mikanda ya njano, na moyo wa mmea unaweza kupinda upande. Kwa hiyo ukikuta kundi lenye sisimizi kwenye mmea wenye michirizi iliyokatikakatika, umekuta wadudu wawili tofauti katika hadithi mbili tofauti.

Ukishathibitisha ni chawajani, tazama kichwa. Cicadulina ana urefu wa milimita 3 hivi, rangi ya njano iliyofifia yenye kahawia kwenye mabawa, na kwenye ukingo wa mbele wa kichwa, kati ya macho, ana nukta mbili nyeusi za mviringo. Nukta hizo ndizo za kutafuta. Empoasca wa kwenye maharage, kunde na pamba ni kijani mwili mzima na hana nukta hizo. Exitianus ni mkubwa zaidi, wa kahawia, na ana mstari mweusi unaounganisha macho. Nephotettix, anayependa mpunga, ni kijani na mkubwa, na dume lake lina ncha nyeusi za mabawa. Balclutha ana umbo linalofanana sana na Cicadulina, kiasi kwamba C. mbila mwenyewe aliwekwa kwanza katika jenasi hiyo, kwa hiyo bila nukta usiseme lolote.

Kosa la kawaida ni kutaka jina la spishi kutokana na rangi. Cicadulina wana spishi kadhaa zinazoeneza michirizi, zikiwemo C. storeyi na C. arachidis, na rangi hubadilika kati ya dume na jike na kati ya msimu na msimu. Spishi hutambuliwa kwa umbo la viungo vya uzazi vya dume, ambavyo hulainishwa kwanza kwenye maji ya potasi kali na kuangaliwa kwa darubini. Jike peke yake mara nyingi halitoshi, na tunutu, yaani wale wachanga wasio na mabawa kamili, hawatoshi kabisa. Ukituma vielelezo maabara, tuma madume yasiyopungua matano kwenye spiriti ya asilimia 70. Kama wataka vipimo vya vinasaba, tumia spiriti ya asilimia 95 au zaidi. Andika tarehe, mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, na mmea uliomkuta juu yake: mahindi, ulezi, au nyasi gani.

Dalili: Cicadulina ni wengi, lakini michirizi ni michache

Hapa ndipo kazi ya Amani inapoingia. Storey aligundua kwamba si kila C. mbila anaweza kueneza virusi. Kuna koo zinazoweza na koo zisizoweza, na mwaka 1932 alionyesha kwa kuzichanganya kwamba uwezo huo unarithiwa. Mwaka uliofuata alionyesha sababu iko tumboni: alipomtoboa utumbo kwa sindano mdudu wa ukoo usioweza, virusi vilipita kwenye damu na mdudu akaanza kueneza. Kwa hiyo idadi ya wadudu haikuambii hatari. Shamba lenye wachache wenye uwezo, wakitoka kwenye nyasi zenye virusi, linaweza kuugua kuliko lenye mamia.

Unaweza kupima mwenyewe. Panda mbegu isiyostahimili kwenye makopo 10. Miche ikifika siku 7, funika kila mmoja kwa chupa ya lita 1.5 iliyokatwa chini na kuzibwa juu kwa kipande cha chandarua. Kwenye makopo 5 weka chawajani wawili wawili kutoka shambani. Makopo 5 yaache bila mdudu. Baada ya saa 48 watoe wote. Angalia majani mapya kuanzia siku ya 4 hadi ya 14. Michirizi ikitokea upande wa wadudu tu, umepata msambazaji. Ikitokea pande zote, chandarua kina tundu au miche ilikuwa imeshashikwa, na jaribio lirudiwe. Isipotokea popote, huenda ukoo wako hauwezi kueneza, au wadudu walitoka kwenye mmea usio na virusi, au ulitumia mbegu inayostahimili. Hili la mwisho hutokea sana.

Saa 48 si za anasa. Mdudu anaweza kuchukua virusi kwa sekunde chache na kuviingiza kwenye mmea kwa dakika 5 hivi, lakini katikati virusi huhitaji kupita tumboni hadi kwenye tezi za mate: saa 6 hadi 12 kwenye nyuzijoto 30, na muda mrefu zaidi kwenye baridi. Akishavipata, hubaki navyo hadi kufa.

Dalili: nimepulizia, michirizi inaendelea

Sumu haiponyi mmea ulioshikwa. Majani utakayoyaona wiki ijayo yameshaambukizwa leo. Tena wadudu hutoka nje ya shamba, hasa nyasi zinapoanza kukauka, kwa hiyo unaua wa leo na wa kesho wanaingia.

Kinachofanya kazi hufanywa kabla. La kwanza, na tunalisisitiza kuliko mengine, ni mbegu. Nchini Tanzania TMV-1, na zile zenye herufi ST mwishoni mwa jina kama Kilima-ST, zilizalishwa kwa ajili ya kustahimili michirizi. Mbegu hizi zinaweza kuonyesha mistari kidogo, na hapo watu huzikatia tamaa bure: mmea unaendelea kukua na kuzaa. La pili ni kupanda mapema na kwa pamoja na majirani, maana shamba la mwisho kuota hupokea wadudu waliozaliana kwenye mashamba yote yaliyotangulia. Epuka kupanda kando ya mahindi ya umwagiliaji yaliyoshikwa. Ukanda wa udongo mtupu wa mita 10 kati ya mahindi mapya na ya zamani hupunguza wanaoingia, kwa sababu wengi hawapendi kuvuka ardhi isiyo na kijani. La tatu, mbegu iliyopakwa dawa ya imidaklopridi au thiametoksamu hulinda wiki za mwanzo, ambazo ndizo zenye hatari. Fuata kipimo cha kwenye lebo, vaa glavu, na usile wala kulisha kuku mbegu iliyobaki.

Kung'oa kunafaa pale tu wagonjwa ni wachache na mimea ina chini ya wiki tatu. Ng'oa asubuhi wadudu wakiwa wazito, uweke mmea kwenye mfuko palepale, kwa sababu ukiuburuta shambani unawatawanya. Mimea ikishapita kiuno usihangaike kung'oa. Palilia, ongeza mbolea kama kawaida, na uvune kinachozaa. Mabua yakishavunwa, angalia magugu ya jamii ya nyasi na machipukizi ya mahindi yaliyobaki shambani: yang'oe kabla ya mvua zijazo, maana Cicadulina atapita kiangazi humo.